Afya ya akili ya mwanafunzi yaanza kwenye jicho la mwalimu

MTOTO anapougua malaria, mzazi hulihisi joto la mwili kwa kiganja cha mkono na kumkimbiza zahanati. Anapougua akilini, aghalabu dalili hujitokeza mahali pengine: katika daftari lisiloandikwa, katika kiti kilicho wazi kila Jumatatu, katika alama zilizoporomoka kutoka 80 hadi 30 ndani ya muhula mmoja. Mtu aliye karibu zaidi na daftari hilo, kiti hicho na alama hizo ni mwalimu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili, na wengi wao hawatambuliwi wala kupata tiba. Shirika hilo huitaja sonona, wasiwasi uliopitiliza na matatizo ya tabia kuwa miongoni mwa sababu kubwa za maradhi na ulemavu katika rika hilo. Kwa takwimu zake za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29.

Wastani huo wa dunia ukichukuliwa kama ulivyo, darasa lenye wanafunzi 70, ambalo si jambo geni katika shule za umma za Dar es Salaam au Mwanza, lingekuwa na wanafunzi 10 wa aina hiyo. Swali ni iwapo mwalimu anayeingia darasani humo na chaki mkononi anajua kuwatambua, na akiwatambua, iwapo anajua la kufanya.

Si wendawazimu

Neno "akili" limekuwa kikwazo cha kwanza. Kwa watu wengi, ukitaja tatizo la akili, picha inayokuja ni ya mtu anayezurura barabarani akiokota makopo, au ya wodi za Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kwa sababu hiyo mzazi akiambiwa na mwalimu kwamba mwanawe anahitaji msaada wa afya ya akili, huona ametukanwa.

Maana halisi ni pana zaidi. WHO huieleza afya ya akili kuwa ni hali ya ustawi inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kutambua uwezo wake, kujifunza na kufanya kazi vizuri, na kuwa na mchango katika jamii yake. Kwa maana hiyo kila mwanafunzi ana afya ya akili, kama kila mmoja alivyo na afya ya mwili. Huweza kuwa nzuri leo, ikatetereka kesho baada ya msiba, kisha ikarejea.

Wataalamu hutenganisha ngazi mbili. Ipo huzuni au hofu ya kawaida, kama ile ya siku chache kabla ya mtihani wa taifa, ambayo hupita yenyewe mtoto akipata mtu wa kumtuliza. Na upo ugonjwa, kama sonona, ambao hudumu kwa wiki mbili au zaidi, humwondolea mtoto hamu ya mambo aliyoyapenda, huvuruga usingizi na hamu ya kula, na kumzuia kusoma. Mwalimu hatarajiwi kutoa hukumu ya kitabibu juu ya ngazi hizo. Anatarajiwa kuona kwamba hali imedumu na imezidi.

Dalili zinazopita mbele ya ubao

Mwalimu ana kipimo ambacho daktari hana: anamjua mtoto alivyokuwa jana. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache. Mwalimu wa darasa humwona kwa miezi, huku ana daftari la mahudhurio na orodha ya alama. Kwa hiyo dalili kubwa kuliko zote kwake ni badiliko.

Mcheshi aliyenyamaza, mpole aliyeanza kupigana, msafi aliyeacha kujitunza, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono ambaye sasa hulala juu ya dawati: hao wote wanasema jambo bila kulitamka. Kadhalika mwanafunzi anayelalamika kila mara kuumwa kichwa au tumbo, na zahanati ikakosa kuona ugonjwa, huenda anaeleza kwa lugha ya mwili yale ambayo hana maneno yake.

Utoro nao husomwa vibaya. Katika shule nyingi mtoro hupelekwa moja kwa moja kwa mwalimu wa nidhamu, akaadhibiwa na kurudishwa darasani. Ni mara chache huulizwa anakokwenda na anachokikimbia. Huenda analea wadogo zake baada ya mama kulazwa. Huenda kuna mtu njiani, nyumbani au hata shuleni anayemdhulumu. Adhabu hapo humfunza mtoto jambo moja tu, kwamba watu wazima hawana haja ya kujua.

Dalili za hatari zaidi ni maneno ya kukata tamaa: kwamba hana faida, kwamba ni mzigo kwa watu, kwamba afadhali asingezaliwa. Baadhi ya wanafunzi huyaandika nyuma ya daftari au katika insha. Baadhi hugawa vitu vyao wanavyovipenda au hujiumiza kwa makusudi. Imani iliyoenea kwamba mtu anayesema atajiua hajiui si kweli. Wala si kweli kwamba kumuuliza mtoto waziwazi, kwa upole, kama ana mawazo hayo kunampandikizia wazo jipya. WHO imekuwa ikisisitiza kuwa swali la namna hiyo aghalabu humpunguzia mtu mzigo.

Somo la Kashasha

Historia ya Tanzania ina kisa kinachotajwa hadi leo katika maandishi ya tiba duniani kote. Januari 30, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni kijijini Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka, kulia na kuhangaika bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikawaenea wenzao. Hadi Machi 18 wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Baadhi waliporudi vijijini kwao, hali hiyo ikaibuka huko pia.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, hawakukuta sumu katika chakula wala vijidudu vya kueleza jambo hilo. Walimu wa shule hiyo hawakupatwa. Wachambuzi wa baadaye wamekihusisha kisa hicho na msongo wa mawazo uliowakumba wasichana waliokuwa mbali na nyumbani, chini ya kanuni kali, katika kipindi cha mabadiliko makubwa ya nchi.

Matukio ya jamaa ya hilo, ya wanafunzi, hasa wasichana, kuanguka kwa wingi, kupiga kelele au kupoteza fahamu, yamekuwa yakiripotiwa katika shule mbalimbali za Afrika Mashariki. Kila mara yanapotokea, neno la kwanza huwa mashetani. Yapo maombi, wapo waganga, na wakati mwingine kuna lawama dhidi ya mwalimu au jirani anayedaiwa kuwa mchawi.

Somo la Kashasha kwa mwalimu ni kwamba watoto hao hawajifanyi. Mwili huweza kubeba hofu ambayo mdomo umezuiwa kuisema, na hofu hiyo huambukiza pale walio karibu wanapokuwa katika hali ileile. Inayosaidia ni kuwatenganisha kwa utulivu walioanguka na watazamaji, kumwita mhudumu wa afya ili ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine, kuepuka kuwakusanya watu na kupaza sauti, na kisha, mambo yakipoa, kuuliza ni kitu gani katika maisha ya shule hiyo kinawatisha wanafunzi. Swali hili la mwisho ndilo huachwa.

Angalia, sikiliza, unganisha

Mwaka 2011 WHO na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu wasio madaktari. Msingi wake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Ingawa uliandikwa kwa ajili ya maafa, maneno hayo yanaenea vizuri katika kazi ya mwalimu.

Kuangalia ndiko kulikokwishaelezwa. Kusikiliza kunahitaji mahali na wakati. Mtoto hawezi kueleza jambo la ndani akiwa amesimama mbele ya meza ya mwalimu huku walimu wengine wanne wakisahihisha madaftari na kumtazama. Chini ya mwembe uwanjani, mahali panapoonekana na wote lakini maneno hayasikiki, panafaa zaidi, na panamlinda mwalimu pia dhidi ya shutuma.

Katika mazungumzo hayo mwalimu hana budi kupunguza maneno. Kauli kama "wenzako wana shida kuliko wewe" au "omba tu Mungu, yatapita" huufunga mlango, hata zikitoka kwa nia njema. Kauli fupi, kwamba ameona mtoto hayuko kama alivyokuwa na angependa kujua anaendeleaje, huufungua. Mtoto asipojibu siku ya kwanza, mwalimu hurudi siku nyingine.

Suala la siri ni gumu kuliko yote. Mwanafunzi akigundua kuwa alichomwambia mwalimu kimekuwa hadithi katika ofisi ya walimu, au kimedokezwa mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, hatasema tena, na wenzake nao hawatasema. Hata hivyo, mwalimu hapaswi kuahidi siri isiyo na mpaka. Palipo na hatari ya kifo, kubakwa au kupigwa, lazima jambo lifike kwa wanaoweza kumlinda mtoto. Uungwana ni kumweleza mapema kwamba mpaka huo upo.

Kuunganisha ni kumfikisha mtoto panapostahili: kwa mwalimu mnasihi wa shule, kwa mzazi au mlezi pale ambapo yeye si chanzo cha tatizo, kituo cha afya, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Ipo pia namba 116, simu ya kusaidia watoto isiyo na malipo, ambayo Tanzania Bara huendeshwa na asasi ya C-Sema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Mwalimu ni mmoja wa wanajamii hao.

Fimbo na mlango wa mnasihi

Pamoja na hayo yote, lipo jambo linaloweza kuibatilisha kazi nzima, nalo ni hofu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu yao walisema walipigwa na mwalimu. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watoto 409 wa shule ya msingi nchini, uliona kwamba asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kipigo na mwalimu, na kwamba kipigo kiliambatana na ukorofi na uchokozi zaidi kwa watoto, kinyume cha kilichokusudiwa.

Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni ziliruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu maalumu. Umbali kati ya kanuni hizo na hali halisi ulidhihirika Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alipofariki dunia baada ya kupigwa shuleni; mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu hatiani kwa mauaji. Jirani zetu walikwenda mbali zaidi: Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikaweka marufuku hiyo katika sheria mwaka 2016.

Wapo watetezi wa fimbo, na hawakosi methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wao ni walimu wenye darasa lililofurika ambao hawakufundishwa njia nyingine ya kulituliza. Hoja yao haistahili kubezwa. Lakini haiwezekani mtu yuleyule awe anayemchapa mtoto saa nne kwa kukosa hesabu na anayetarajiwa kuaminiwa saa nane kuhusu baba anayemnyanyasa. Mtoto hachagui siri ya kumpa mtu anayemwogopa. Mlango wa mnasihi hauna maana ikiwa mwenye ufunguo ni mwalimu wa fimbo.

Yanawezekana

Habari njema ni kwamba walimu hubadilika wakifundishwa. Watafiti, akiwamo Mabula Nkuba na Tobias Hecker, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya mafunzo ya siku chache kwa walimu wa sekondari za umma nchini Tanzania, yaliyolenga stadi za kuhusiana na wanafunzi bila ukatili. Miezi kadhaa baadaye, shule zilizopata mafunzo zilikuwa na kipigo na matusi kidogo kuliko ambazo hazikupata.

Nchini Uganda, jaribio lililofanyika katika shule 42 za msingi wilayani Luwero na kuchapishwa mwaka 2015 liliona kwamba programu ya asasi ya Raising Voices ilipunguza kwa asilimia 42 uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Mkoani Arusha, walimu wa sekondari waliopewa mafunzo ya siku tatu kuhusu afya ya akili ya vijana walionekana kuongeza ujuzi na kupunguza unyanyapaa, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2016.

Kenya nayo imeonyesha kuwa msaada wa awali hauhitaji shahada ya udaktari. Utafiti wa taasisi ya Shamiri uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Waliokutana na vijana wa rika la juu kidogo yao, waliopewa mafunzo mafupi, kwa vikao vinne tu, walipata nafuu zaidi ya wenzao waliofundishwa stadi za kusoma.

Miongozo ipo, muda haupo

Tanzania haikosi nyaraka. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitoa mwongozo wa huduma za ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto kwa shule na vyuo vya ualimu. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka huohuo kwa mkopo wa dola milioni 500 za Marekani, una mpango wa Shule Salama ambao ndani yake yamo mafunzo ya walimu wanasihi.

Kinachokosekana ni muda na watu. Katika shule nyingi mnasihi ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vyote, aliyeongezewa jukumu hilo bila kupunguziwa jingine. Chumba cha unasihi, kama kipo, ndicho pia stoo ya vitabu. Na akishamtambua mtoto anayehitaji daktari wa akili, mtaalamu huyo huenda yuko hospitali ya mkoa, nauli ya siku nzima kutoka kijijini.

Mwalimu naye ni binadamu. Anayesahihisha madaftari 200 kila juma, anayeishi mbali na familia kwa kukosa uhamisho, anayedaiwa kila upande, anaweza kuwa na sonona yeye mwenyewe. Mwenye moyo uliochoka husikia ukorofi pale ambapo mtoto analia. Mkuu wa shule anayewauliza walimu wake hali zao, na si ratiba ya masomo pekee, anawatunza wanafunzi kwa njia hiyo.

Mengi yanaweza kuanza bila kusubiri fedha. Shule inaweza kuteua walimu wawili, wa kike na wa kiume, ambao hawatashika fimbo kabisa, na wanafunzi wote wakatajiwa majina yao. Namba 116 inaweza kuandikwa ukutani, karibu na vyoo na mabwenini, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma akiwa peke yake. Jina la mtoro linaweza kupita kwanza kwa mnasihi kabla ya kufika kwa mwalimu wa nidhamu. Kikao cha wazazi kinaweza kutenga nusu saa kueleza sonona ni nini, ili neno "akili" lisiwe tena tusi.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Katika suala hili mtoto hafichi kwa kupenda. Mara nyingi amekosa mtu mzima anayeweza kumwambia bila kuogopa. Kuwa mtu huyo hakuhitaji shahada ya pili wala mshahara mwingine, bali kunahitaji mwalimu aliyefundishwa, aliyepewa muda, na aliyeiweka fimbo chini.